Kupima protini za mzunguko wa seli kwenye saratani ya ulimi: jinsi ya kulinganisha vijana na wazee bila kudanganywa na slaidi

Saratani ya ulimi tunayoizungumzia ni ile ya seli bapa, inayoanzia kwenye utando wa juu wa ulimi. Kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa ugonjwa wa watu wa makamo na wazee wenye miaka mingi ya sigara, tumbaku ya kuweka mdomoni na pombe kali. Nchi kadhaa zimeripoti kuongezeka kwa wagonjwa walio chini ya miaka 45, na baadhi yao hawajawahi kugusa sigara. Ndipo linapozuka swali: breki za seli zilizokatika kwa kijana ni zilezile zilizokatika kwa mzee?

Slaidi ya uvimbe iliyopakwa kingamwili (protini inayonasa protini moja unayoitafuta) na kutiwa rangi ya kahawia inaweza kulijibu swali hilo. Lakini usipokuwa makini, itakujibu swali jingine: kipande cha nani kilichelewa njiani, na cha nani kiliozea kwenye chupa ndogo. Mwongozo huu ni kwa maabara ya patholojia ya Mwanza au mji wowote wa kando ya ziwa, na kila hatua ina ulizo moja la kurudia: je, jambo hili limewagusa vijana na wazee kwa usawa?

Protini zenyewe

Seli inayojigawa hupita G1 (kukua), S (kunakili DNA), G2 (kukagua) na M (kugawanyika). Mlango mkubwa uko kati ya G1 na S. Ufikirie kama geti la kivuko cha Kamanga. Rb ni mnyororo uliofunga geti. Saiklini D1 ikishikana na vimeng'enya CDK4 na CDK6 huufungua, kwa kuipachika Rb fosfeti. p16 huvishika mikono vimeng'enya hivyo visiufungue. p53 ni mkaguzi: DNA ikiwa imeharibika huita p21, na p21 husimamisha safari. p27 hulinda seli zilizotulia zisianze safari ovyo. Ki-67 tunaitumia kama hesabu ya abiria walio safarini, kwa sababu inaonekana kwenye seli zilizo ndani ya mzunguko na haionekani kwenye zilizopumzika.

Katika saratani ya ulimi, jeni zinazoguswa mara kwa mara ni TP53 iliyo kwenye kromosomu ya 17, CDKN2A inayotengeneza p16 kwenye kromosomu ya 9, na CCND1 inayotengeneza saiklini D1 kwenye kromosomu ya 11, eneo la 11q13, ambayo huwa imejirudufu kupita kiasi. Mwaka 2014 ulichapishwa uchunguzi wa Marekani uliolinganisha jeni za vijana wasiovuta na za wazee wavutaji, ukakuta uvimbe wao unafanana kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo anza kazi ukiwa tayari kupata jibu la "hakuna tofauti". Hilo ni jibu kamili.

Fedha zikitosha protini nne tu, chukua p53, p16, saiklini D1 na Ki-67. Ya tano iwe p27. Tunaiweka p21 mwisho kwa sababu rangi yake huwa ya madoadoa na wasomaji wawili hawakubaliani kirahisi.

Ulimi upi?

Hapa ndipo tafiti nyingi huharibika kabla chupa ya kwanza haijafunguliwa. Theluthi mbili za mbele za ulimi ni sehemu ya kinywa. Theluthi ya nyuma, nyuma ya mstari wa vinundu vikubwa vya ladha, ni sehemu ya koo. Saratani za nyuma mara nyingi zaidi husababishwa na kirusi cha HPV. Za mbele ni mara chache. HPV ikiingia, protini yake ya E7 huvunja Rb na p16 hurundikana, huku E6 ikiiteketeza p53. Ukichanganya sehemu hizo mbili, na kundi moja likawa na saratani nyingi za nyuma kuliko jingine, utaona tofauti kubwa ya p16 ambayo haihusiani na umri hata kidogo.

Tafuta kwenye faili maelezo ya daktari aliyekata. Katika uainishaji wa ICD-10, shina la ulimi ni C01 na sehemu nyingine ni C02. Usiamini namba peke yake, kwani karani akiona neno "ulimi" huandika C02 na kuendelea. Fomu ikisema "ulimi" bila kutaja ubavu, ncha, chini au nyuma, piga simu wodini. Usipopata jibu, mtoe mgonjwa huyo kwenye orodha.

Umri unahitaji kuthibitishwa

Mpaka unaotumika sana ni miaka 40 au 45. Chagua mmoja kabla ya kuona slaidi, uandike kwenye andiko la utafiti linalokwenda kwenye kamati ya maadili.

Tatizo letu liko kwenye rejista. Watu wengi wazima hutaja umri unaoishia na sifuri au tano. Chora grafu ya umri wa wagonjwa wako: ukiona milima kwenye 40, 45, 50 na 60, umri huo umekadiriwa. Kama mpaka wako ni 45 na wagonjwa kumi wameandikwa "45", hao kumi wataamua matokeo. Tumia tarehe ya kitambulisho cha taifa pale ilipo. Pasipokuwepo, muulize mgonjwa au ndugu kwa matukio: alizaliwa kabla au baada ya Uhuru (1961)? Wakati wa Azimio la Arusha (1967)? Vita vya Kagera (1978 hadi 1979) vilimkuta anasoma darasa la ngapi? MV Bukoba ilipozama Mei 1996 alikuwa na umri gani? Kanda ya Ziwa hakuna anayesahau tukio hilo la mwisho. Kwenye jedwali weka safu inayosema umri umetoka wapi.

Uliza pia, kwa kila mgonjwa na kwa maneno yaleyale: sigara ngapi kwa siku na kwa miaka mingapi, ugoro wa puani au wa mdomoni, pombe ya aina gani, hali ya VVU. Kwa kijana, ongeza maswali matatu: amewahi kuambiwa ana upungufu wa damu usioeleweka, ni mfupi kuliko ndugu zake, dole gumba lake lina kasoro ya kuzaliwa? Ugonjwa wa kurithi wa Fanconi huleta saratani ya ulimi katika umri mdogo, na mwenye nao huumizwa vibaya na dozi za kawaida za mionzi na baadhi ya dawa za saratani. Jibu likiwa ndiyo, mjulishe daktari wake siku hiyohiyo, utafiti usubiri.

Kutoka kisiwani hadi kwenye bloku

Kipande kinachokatwa Nansio, Sengerema, Chato au Bukoba husafiri kwa boti, meli au basi. Kila saa ya safari hiyo huandikwa ndani ya protini.

Formalini ya asilimia 10 yenye bafa, lita 1: formaldehaidi ya dukani (asilimia 37 hadi 40) mililita 100; maji yaliyokenekwa mililita 900; sodiamu dihidrojeni fosfeti gramu 4; disodiamu hidrojeni fosfeti kavu gramu 6.5. Bila bafa formalini hugeuka asidi, huacha chembe nyeusi-kahawia kwenye tishu, na anayeanza kazi huzisoma kama rangi ya DAB, yaani ile ya kahawia inayoonyesha protini.

Formalini iwe mara 10 hadi 20 ya ujazo wa kipande. Kipande cha mililita 3 kinataka angalau mililita 30. Chupa iwe na mdomo mpana: nyama iliyoingia laini kwenye chupa ya dawa yenye shingo nyembamba hutoka ngumu kama kizibo, na kuitoa ni kuiponda. Jina na tarehe viandikwe ubavuni mwa chupa, kwani vifuniko hubadilishana. Pamoja na tarehe, iandikwe saa ya kukata na saa ya kutumbukiza.

Formalini hupenya takriban milimita 1 kwa saa, na kuishikiza tishu huchukua muda mrefu zaidi ya kupenya. Ulimi ulioondolewa nusu nzima ukatwe vipande vya milimita 5 kabla haujaachwa usiku, la sivyo katikati utaoza huku nje umeiva. Lengo ni saa 6 hadi 72. Chini ya hapo Ki-67 huonekana pembeni tu mwa kipande. Zaidi ya wiki moja, p27 na saiklini D1 hufifia hata ukiichemsha slaidi vipi ili kuzifungua protini zilizofungwa na formalini.

Sasa lile ulizo letu: wazee wengi wanaokuja wakiwa wamedhoofika hukatwa kipande kidogo tu cha uchunguzi, na kipande kidogo huiva vizuri. Kijana anayeweza kuhimili upasuaji mkubwa huleta kipande kikubwa, na kikubwa huiva vibaya. Hapo protini za kijana zinaweza kuonekana chache kwa sababu ya ukubwa wa kipande peke yake. Andika aina ya kipande na saa za formalini kwa kila mgonjwa, na ukiweza linganisha kipande kidogo na kidogo.

Kukata

Mikroni 3 hadi 4. Slaidi ziwe zenye chaji ya umeme au zilizopakwa polilisini. Ulimi una misuli na tabaka la keratini, na vyote viwili hupenda kujikunja na kung'oka wakati wa kuchemsha. Ipoze bloku (kipande kilichofunikwa kwa nta) kwenye barafu dakika 10, kata taratibu, elekeza utepe kwenye maji ya nyuzi 40 hadi 42, kisha simamisha slaidi wima ikauke kabisa kabla ya kuiweka kwenye oveni ya nyuzi 60 kwa saa 1. Tone la maji lililobaki chini ya tishu ndilo linaloing'oa baadaye.

Usikate slaidi za mwaka mzima kwa siku moja. Slaidi isiyopakwa ikikaa wiki nyingi kwenye joto, antijeni (sehemu ya protini ambayo kingamwili huinasa) hupungua, hasa Ki-67 na p53. Kata unachopaka ndani ya wiki mbili.

Kuchemsha, na kwa nini Mwanza si Dar es Salaam

Ziwa Viktoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo maji ya Mwanza huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Maelekezo yanayosema "chemsha dakika 20" yaliandikwa na watu wa maabara za mwinuko mdogo, na ukiyafuata kwa birika la wazi utapata rangi hafifu, hususan ya saiklini D1. Tumia sufuria ya presha, ambamo joto hupanda kufikia nyuzi 118 hadi 120. Kama huna, ongeza muda wa bafu ya maji hadi dakika 40 kwenye nyuzi 95, na uthibitishe kwa slaidi ya majaribio.

Bafa ya Tris-EDTA ya pH 9, lita 1: Tris gramu 1.21, EDTA yenye sodiamu mbili gramu 0.37, Tween 20 mililita 0.5. Bafa ya sitreti ya pH 6, lita 1: trisodiamu sitreti yenye maji mawili gramu 2.94, ukirekebisha kwa asidi hidrokloriki. Kwa p16 na saiklini D1 tunapendelea ya pH 9; p53 na Ki-67 hukubali zote mbili. Kuchemsha zote kwenye pH 9 kunapunguza makosa ya kuchanganya vyombo.

Acha bafa ichemke kwanza ndani ya sufuria, ndipo slaidi ziingie. Presha ikijaa, hesabu dakika 3. Zima, toa presha, acha ipoe dakika 20 slaidi zikiwa ndani. Kuzitoa za moto huzikausha, na iliyokauka hupakika ovyo. Umeme ukikatika katikati ya dakika hizo 3, usijaribu kukadiria: toa slaidi hizo kwenye hesabu, kata nyingine. Jiko la gesi huondoa tatizo hili kabisa.

Kupaka

Panga kila raundi ya slaidi 20 hivi: 9 za vijana, 9 za wazee, 1 ya tonsili kama kipimo cha uhakika, 1 isiyowekwa kingamwili ya kwanza. Hili ndilo sharti tunalolishikilia kuliko mengine yote. Ukipaka vijana Jumatatu na wazee Alhamisi, umepima tofauti ya Jumatatu na Alhamisi.

1. Zailini mara 2, dakika 5 kila moja, alkoholi ya asilimia 100 mara 2, kisha 95, kisha 70, dakika 2 kila moja, maji.
2. Kuchemsha kama ilivyoelezwa.
3. Hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, dakika 10. Usiiruke: misuli ya ulimi na chembe nyekundu za damu zina uwezo wao wa kuigeuza DAB kuwa kahawia.
4. Osha kwa TBS ya pH 7.6 (Tris gramu 6.05 na chumvi ya sodiamu kloridi gramu 8.76 kwa lita), dakika 5 mara 2.
5. Kizuizi cha protini, dakika 10. Kimwage, usioshe.
6. Kingamwili ya kwanza, mikrolita 100 hadi tishu ifunikwe yote, saa 1. Kloni (aina mahususi za kingamwili) zilizozoeleka: DO-7 kwa p53, MIB-1 kwa Ki-67, E6H4 kwa p16, SP4 kwa saiklini D1, SX53G8 kwa p27.
7. Osha. Polima yenye HRP (kimeng'enya kinachoigeuza DAB kuwa kahawia), dakika 30. Osha.
8. DAB mpya, dakika 5. Muda uwe uleule kwa kila slaidi. Usiongeze kwa slaidi "inayosita".
9. Hematoksilini sekunde 30 hadi 60, kisha maji ya bomba hadi iwe bluu. Isipobadilika, tumia maji yenye sodiamu baikaboneti gramu 3.5 na magnesiamu salfeti gramu 20 kwa lita. Hematoksilini nzito huficha rangi hafifu ya p27.
10. Alkoholi kwa mpangilio wa kupanda, zailini, gundi, kioo.

Trei iwe na karatasi iliyoloweshwa na mfuniko. Mchana Mwanza kimiminika cha mikrolita 100 hukauka pembeni haraka, na pembe iliyokauka hupata ukahawia wa uongo. Kingamwili ya kuchanganya mwenyewe ijaribiwe kwanza kwa 1:50, 1:100, 1:200 na 1:400 kwenye tonsili.

Kwa wagonjwa 84 na slaidi 5 za tonsili, mikrolita 100 kila moja, unahitaji mililita 8.9. Ongeza asilimia 10 ya kumwagika. Hiyo ni chupa 2 za mililita 7 za kingamwili iliyochanganywa tayari, na zote ziwe za toleo moja la kiwandani. Zinasafiri kwenye nyuzi 2 hadi 8. Mji wetu unajua kugandisha sangara, na aliyetumwa uwanja wa ndege kwa nia njema huifukia chupa ndani ya barafu. Kingamwili iliyoganda na kuyeyuka hupoteza nguvu. Weka gazeti au kadibodi kati ya chupa na barafu.

DAB inashukiwa kuleta saratani, na zailini na formalini si vitu vya kumwaga kwenye sinki. Kinachoingia mto Mirongo kinaingia ziwani, na ziwa ndilo tunalolinywa. Kusanya kwenye madumu yenye lebo.

Kusoma

Kabla ya mgonjwa yeyote, angalia tonsili. Ki-67 iwake katikati ya vifundo vya limfu, p16 iwe ya mabaka kwenye mashimo ya utando, p27 iwe kali kwenye limfosaiti ndogo. Tonsili ikishindwa, raundi nzima imeshindwa.

Wasomaji wawe wawili, kila mmoja peke yake, lebo za umri zikiwa zimefunikwa. Anayejua kuwa slaidi ni ya binti wa miaka 27 huhesabu kwa huruma.

Ki-67: tafuta ukingo ambapo uvimbe unaingia kwenye misuli, piga picha 3 kwa lenzi ya 40, hesabu viini 1,000, vyenye rangi yoyote ya kahawia ni chanya. Usihesabu limfosaiti zilizopenya, maana zinajigawa pia.

p53: usiishie kwenye asilimia. Rangi kali karibu kwenye kila kiini huashiria jeni iliyobadilika. Kutokuwepo kabisa nako huashiria hivyohivyo, ilimradi seli za kawaida jirani zimepata rangi hafifu. Zisipopata, lawama ni ya formalini. Mchanganyiko wa hafifu na wastani ndiyo hali ya kawaida. Anayeandika "hasi" kwa kila slaidi isiyo na kahawia huwaweka wagonjwa wenye p53 iliyopotea pamoja na wenye p53 nzima, na kosa hilo halirekebishiki kwenye jedwali.

p16: chanya ni angalau asilimia 70 ya seli za uvimbe, rangi ya wastani hadi kali, kiini na saitoplazimu pamoja. Kipimo hicho kiliwekwa kwa saratani za koo, kwa hiyo kwenye ulimi wa mbele p16 chanya peke yake haithibitishi HPV. Thibitisha kwa kupima DNA au RNA ya kirusi.

Saiklini D1 na p27: hesabu kiini tu. Andika asilimia na ukali (1, 2, 3), zidisha, jumlisha. Alama huwa 0 hadi 300.

Kulinganisha

Kama unatarajia asilimia 30 ya wagonjwa wawe chanya kwa kundi moja na 60 kwa jingine, unahitaji watu 42 kila upande ili uwe na nafasi ya asilimia 80 ya kuiona tofauti hiyo. Tofauti ndogo zaidi inadai watu wengi zaidi. Makundi ya watu 12 kwa 12 yaitwe majaribio ya awali, na yaandikwe hivyo.

Kwa Ki-67 na alama za 0 hadi 300 tumia jaribio la takwimu la Mann-Whitney. Kwa chanya na hasi tumia kai-skwea, au Fisher pale ambapo namba tarajiwa ni chini ya 5. Makubaliano ya wasomaji yapimwe kwa kapa. Kisha fanya jambo ambalo wengi huliruka: uchukue umri kama ulivyo, bila mpaka, uulinganishe na Ki-67 kwa Spearman. Tofauti inayoonekana kwenye mpaka wa 45 na kupotea kabisa kwenye 40 au kwenye mstari mzima ilikuwa ya mpaka. Linganisha pia watu wa kina kilekile cha uvimbe. Milimita 5 na 10 ndizo mipaka inayotumika kupanga hatua ya T (ya uvimbe wenyewe), na uvimbe wa kina una tabia yake bila kujali mwenye nao ana miaka mingapi.

Mwishowe rudisha bloku kabatini ikiwa bado na tishu. Kila bloku igharimu slaidi 8 kwa kiwango cha juu: 5 za protini, 1 ya hematoksilini na eosini, 2 za akiba. Bloku yenye kipande chembamba isiingie kwenye utafiti kabisa. Mgonjwa akirudi mwakani na tezi shingoni, daktari wake atahitaji kuutazama tena uvimbe wa kwanza, na nyama hiyo ni ya mgonjwa.